Sumu Imekatazwa, na Makombora Je?

Ndugu wafanyakazi wa migodi na wenyeji wa Kisangani! Katika mji wa La Haye, nchi ya Uholanzi, ziko nyumba mbili zinazotuhusu.

Ya kwanza inalinda mapatano ya kukataza silaha za sumu, yaliyoanza kazi mwaka 1997. Kongo, Uganda na Rwanda zote zimo. Serikali iliyoingia humo imekubali wakaguzi wafungue ghala zake. Kwa njia hiyo, mwaka 2023 akiba ya mwisho ya sumu iliyotangazwa na mataifa hayo iliharibiwa.

Ya pili ni Mahakama ya Mataifa. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita katika mji wetu. Hayakutumia gesi, yalitumia makombora, na raia kwa mamia walikufa. Mwaka 2022 Mahakama iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa hasara za vita vile, pamoja na za Kisangani. Rwanda haikuhukumiwa, kwa kuwa haikukubali mamlaka ya Mahakama.

Sisi twauliza: je, aliyeuawa kwa kombora ana kaburi jepesi kuliko aliyeuawa kwa sumu? Sheria isiyoweza kuingia nyumbani kwa mwenye nguvu ni karatasi tu. Twataka mataifa yaikubali Mahakama kama yalivyokubali wakaguzi. Na serikali yetu itangaze mbele ya watu: fedha ngapi zimepokewa, na wangapi wamelipwa. Haki ya mjane haiwekwi kabatini!