"Mtandao hakuna" si jibu la kumpa mama (Sehemu ya 3)

Mama zangu, nimesoma meseji zenu za juzi. Nyingi zinasema kitu kimoja: nilifika hospitali mtoto anachemka, dirishani nikaambiwa "mtandao hakuna, subiri". Leo naliongelea hilo, na naongea nikiwa upande wa ndani wa dirisha. Najua kuna wenzangu watanuna. Wanune tu.

Kwanza nikiri. Neno hilo na mimi nimeshalisema. Ilikuwa zamu ya usiku. Kompyuta ya mapokezi ya watoto ilikufa, ikaletwa nyingine, na hiyo nyingine ikagoma kuingia kwenye domeini ya hospitali. Bila domeini, akaunti zetu za kazini hazifunguki pale, na mfumo wa kusajili wagonjwa huuoni. Mbele yangu amesimama mama, mtoto wa mwaka na nusu kamfunga kwa kanga. Nikamwambia, "Mama subiri kidogo, mtandao hakuna." Akaenda kukaa. Hakubisha, maana tumeshawazoesha kwamba nesi habishiwi. Mara nikasikia benchi zima linaita. Mtoto kapata degedege.

Tulimhudumia na akaruhusiwa akiwa mzima, namshukuru Mungu. Sisemi kwamba ningemwona mapema degedege lisingekuja. Ila lingemkuta kitandani, mtu yuko pembeni yake, si kwenye benchi juu ya mapaja ya mama aliyechanganyikiwa.

Sasa sikia kilichoniuma zaidi. Mtandao ULIKUWEPO! Kompyuta ile ile ilikuwa inafungua kurasa za habari vizuri kabisa. Nilimdanganya yule mama bila kujua.

DOMEINI NI NINI HASA?

Chukua mfano wa balozi wa nyumba kumi. Ana daftari la wakazi wake wote. Ukihamia mtaani unajitambulisha kwake, anakuandika, tangu hapo unajulikana. Seva kuu ya hospitali ndiyo balozi. Kila kompyuta mpya lazima iende kwake iandikwe, ndipo mimi na wewe tuweze kuitumia kwa majina yetu ya kazi.

Ila kumfikia balozi lazima uulize njia. Anayeelekeza njia kwenye kompyuta anaitwa DNS. Kompyuta yetu ilikuwa imepangiwa DNS ya nje, zile za watu wote. Huyo ni sawa na dereva wa basi la mkoani: Dodoma anaijua, Mwanza anaijua, nyumba ya balozi wa mtaa wako haijui. Ndiyo maana intaneti ilifunguka na domeini haikuonekana. Fundi alipokuja asubuhi aliweka anwani ya DNS ya ndani ya hospitali, dakika chache tu.

Akajaribu tena. Safari hii balozi alionekana, lakini akakataa. Kumbe saa ya kompyuta ilikuwa nyuma! Domeini za Windows kwa kawaida zinavumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya saa ya kompyuta na ya seva. Kibetri cha duara kinachotunza saa ndani ya kompyuta, CR2032, kilikuwa kimekwisha. Fundi akabadilisha betri, akarekebisha saa, kompyuta ikaingia.

DNS na kibetri. Hayo ndiyo yaliyomweka mtoto kwenye benchi.

(Na kwa kuwa nimekitaja: vibetri hivi vimo hata kwenye rimoti na midoli nyumbani kwako. Mtoto akimeza, mkimbize hospitali hapo hapo, usimtapishe. Ndani ya saa 2 kinaweza kuunguza koo la chakula.)

KWA WENZANGU WA KAZINI

Kabla hujasema "mtandao hakuna", angalieni kwa mpangilio huu. Waya umechomekwa na taa yake inawaka? DNS ni ya ndani? Tarehe, saa na majira ya eneo viko sawa? Je, Windows iliyomo ni Home? Hiyo haiingii domeini hata ukeshe nayo. Jina la kompyuta halijazidi herufi 15, na hakuna kompyuta nyingine yenye jina hilo? Akaunti inayotumika kuiunganisha ina ruhusa? Kwa mpangilio wa kawaida mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuunganisha kompyuta 10, ya 11 anakataliwa.

Na kile kiboksi cha kosa kinachotokea kwenye skrini msikifunge haraka. Kipigeni picha mumtumie fundi. Mgonjwa akija na "naumwa" tu hatumpi dawa, tunamuuliza wapi na tangu lini. Kwa nini kompyuta tuipe ugonjwa mmoja, "mtandao", kila siku?

KWA WAKUBWA

Mnanunua kompyuta bila kumuuliza fundi, zinakuja na Windows Home. Usiku hakuna mtu wa IT hata wa kupigiwa simu. Halafu lawama anatupiwa nesi, na nesi anamtupia mama, na mama hana wa kumtupia, anabaki na mtoto wake.

Najua mtaniambia bila mfumo dawa zinapotea na mapato hayaonekani. Kweli kabisa, na mimi si adui wa kompyuta. Mfumo unanionyesha vipimo vya mwezi uliopita, unanionyesha dawa inayomdhuru mtoto. Naupenda. Lakini daftari na kalamu vilikuwepo kabla yake. Mgonjwa aandikwe kwenye daftari, atibiwe, taarifa zake ziingizwe kompyuta ikipona. Kompyuta inaweza kusubiri hadi asubuhi. Mtoto hawezi.

KWAKO MAMA (na baba pia)

Zishike dalili hizi za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata au anapata degedege, amelegea sana au hazinduki. Ongeza na hii: anapumua kwa shida. Ukiona hata moja, usikae kwenye benchi. Nenda dirishani useme kwa sauti ya kusikika: "Nesi, mtoto wangu ana dalili ya hatari. Naomba aonwe sasa, usajili utafuata." Huo si ukorofi. Ukijibiwa subiri, muulize nesi wa zamu au daktari yuko wapi, umfuate mwenyewe.

Na usiiache nyumbani kadi ya kliniki. Ina uzito wake wa mwisho, ina chanjo zake. Kadi ile haihitaji domeini, haina DNS, saa yake hairudi nyuma. Usiku ule, baada ya degedege, kadi ndiyo niliyoshika nikaanza kuandika kwenye karatasi. Karatasi zilikuwa kwenye droo muda wote. Ningeweza kuzitoa tangu mama yule anafika.

Tangu siku hiyo kompyuta ikigoma, nafungua droo kwanza, ndipo nampigia fundi. Na neno "mtandao hakuna" nimeacha kulisema kwa mama mwenye mtoto mgonjwa.

Wewe ulishaambiwa hivyo? Ulifanya nini? Niandikie hapa chini, ila jina la hospitali usiliweke. Sehemu ya 4 nitaanza na majibu yenu.