RAMANI YA UDONGO NI YA NANI?



Ofisi ya kupima udongo wa Kenya ilianza 1972, kwa msaada wa Waholanzi, na mwaka 1982 ikatoa kitabu na ramani ya nchi nzima. Kazi njema, hatuidharau. Lakini katika ramani ile sentimita moja ni kilomita kumi! Weka kidole gumba juu yake, umefunika Runyenjes na vijiji vyake vyote. Shamba la eka mbili litaonekana wapi?

Sasa tazama ramani ya mipaka. Tangu mpango wa Swynnerton wa 1954 mashamba yakaanza kupimwa moja moja, kila moja na namba yake, maana benki yataka hati. Mpaka wajulikana hadi mti wa mwisho wa ua. Kilicho chini ya jembe hakijulikani. Mbona?

Shuka kwa miguu toka chai ya kando ya msitu, upite kahawa ya Runyenjes, hadi mtama na kunde za Ishiara. Juu udongo ni mwekundu, mzito, wa kina kirefu. Chini ni mchanga na mawe, jembe lalia. Hata katika mteremko mmoja, mgongoni na bondeni hakufanani. (Mama zetu walijua hayo bila ramani.) Lakini mbolea iliyozoeleka ni gunia lile lile la D.A.P. Ikitiwa miaka mingi yaongeza ukali wa udongo. Chai yapenda ukali. Mahindi hayapendi, yataka chokaa. Asiyeambiwa huongeza gunia la pili, mavuno hayapandi, na deni lakatwa katika malipo ya kahawa. Kibarua wake naye aambiwa hapana nyongeza, ardhi imechoka. Imechoka, ama imelishwa vibaya?

Na mashimo ya kupimia udongo, marefu ya kumzamisha mtu, jembe na sururu zilishikwa na nani? Na vibarua! Mtaalam akaingia, akaandika rangi na tabaka, akaenda zake. Kitabu cha Jaetzold na Schmidt, kinachoonyesha zao gani lafaa wapi, kilitoka kwa Kiingereza, kimejaa alama kama UM2 na LM4. Mchimba shimo atakisomaje?

Twataka udongo upimwe bonde kwa bonde. Majibu yabandikwe ukutani katika kila kiwanda cha kahawa na ofisi ya chifu, kwa Kiswahili, Kimeru na Kiembu. Na kila ghala linalouza mbolea liuze chokaa pia. Mabwana wakijibu fedha hakuna, basi kwanza wahesabu bei ya lile gunia la pili, mara mashamba yote ya kata moja tu.