Kabla ya Kununua Bonsai, Tazama Shina

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwenzetu alipostaafu ualimu, sisi tuliobaki shuleni tulichanga pesa tukamnunulia bonsai katika kitalu kimoja kando ya barabara jijini Nairobi. Ulikuwa mkuyu mdogo ndani ya chungu, uliopogolewa kwa miaka mingi hadi ukafanana na mzee wa msituni. Majani yalimeremeta. Kabla ya muhula kwisha, mti ulikuwa umekauka. Tulipoung'oa, tulikuta shina limelainika kama sifongo na mizizi ni myeusi yenye kunuka.

Wapo waliomlaumu muuzaji peke yake. Mimi nashikilia kwamba lawama ilikuwa yetu pia. Sisi tunaowahimiza wanafunzi wachunguze kabla ya kuamua tulitazama majani tu, tukatoa pesa.

Bonsai si shada la maua la kutupwa baada ya wiki moja. Sanaa hii, iliyochipuka China na kustawishwa Japani, ni urithi wa vizazi. Msonobari mmoja ulioanza kulelewa mwaka 1625 ulinusurika bomu la atomiki la Hiroshima mwaka 1945 ukiwa mikononi mwa familia ya Yamaki. Mwaka 1976 ulitolewa zawadi kwa Marekani, na ungali unatunzwa mjini Washington. Anunuaye mti mbovu hukosa, pamoja na fedha zake, miaka yote hiyo ambayo mti ungeishi.

Kosa letu lina maelezo ya kisayansi. Maji hupanda kutoka mizizini kupitia mbao changa zilizo karibu na gome, ilhali mbao za kiini zimekwisha kufa zamani. Kwa hiyo kuvu inaweza kula kiini kwa muda mrefu huku majani yakiendelea kupendeza. Majani huchelewa kuleta habari. Yanaponyauka, aghalabu dawa haifai tena.

Basi mnunuzi na aanzie chini. Aondoe kokoto na vimelea vya kijani vilivyofunika udongo, kwani hapo penye unyevu, shina linapokutana na ardhi, ndipo uozo hupenda kujificha. Abonyeze gome kwa kidole gumba: likibonyea au kuchubuka lenyewe, kuna hatari. Achunguze makovu ya matawi yaliyokatwa. Kovu zima huzungukwa na ukingo wa gome jipya. Lililooza huwa jeusi, lina majimaji, na kijiti cha meno huzama ndani yake bila shida. Uyoga ulioota shinani ni ishara mbaya zaidi, maana huwa ni tunda tu la kuvu iliyokwisha kuenea ndani. Hatimaye anuse udongo. Mizizi mizima ni migumu na haina harufu ya uvundo.

Hata hivyo, tusije tukaona ugonjwa kila mahali. Katika miti ya jamii ya mtarakwa, mafundi huondoa gome makusudi ili sehemu ya shina ionekane kama iliyopigwa na radi. Mbao hizo zilizokufa, zikiwa kavu na ngumu kama mfupa, ni pambo. Nyuzi nyeupe katika udongo wa msonobari nazo huwa mara nyingi ni kuvu rafiki, ambayo huusaidia mzizi kupata maji na madini, nayo hulipwa sukari. Ukungu mweupe juu ya majani pia hutibika. Kinachoua ni ule ulaini wa shina na mizizi.

Yamkini baadhi ya wauzaji watakasirika wakiona bidhaa zao zikibonyezwa na kunuswa. Muuzaji mwaminifu atakuonyesha mwenyewe, na akatazaye shina lisiguswe amekwisha kukujibu.

Walimu wenzangu, kipande cha shina lililooza kikipelekwa darasani kitafundisha habari za kuvu kuliko michoro kumi ya ubaoni. Wanafunzi nao wakizoea kulikagua shina kabla ya kuyasifu majani, hawatadanganywa kama tulivyodanganywa sisi.