Barua ya wazi kwa Mtendaji Mkuu wa TANROADS: Somanga isikatike tena

Ndugu Mtendaji Mkuu,

Nakuandikia kutoka Nyangamara, mkoani Lindi. Somanga iko mbali nasi, kule Kilwa, lakini barabara ikikatika pale, Lindi na Mtwara nzima tumefungiwa mlango.

Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi sehemu kadhaa za Kilwa, ikiwemo Somanga-Mtama (Mtama hiyo ya Kilwa, si Mtama yetu). Mafundi wenu walikesha pale hadi magari yakapita, na tunawashukuru kwa dhati. Aprili 2025 maji yakarudi Somanga, njia ikakatika tena. Mara ya kwanza tulisema ni kimbunga. Ya pili tuseme nini?

Maji yale yanashuka kutoka milima ya Matumbi kwenda baharini, na barabara imelala kwenye mapito yake. Yanakuja na magogo na mchanga, makalavati yanaziba, maji yanajaa upande wa juu hadi yanapita juu ya lami. Ukisimama upande huo waweza kudhani barabara imesalimika. Kumbe upande wa bahari, yanakoangukia, yanakula udongo wa tuta kidogo kidogo, mpaka lami inabaki inaning'inia, chini yake hakuna kitu. Dereva wa basi la usiku atalionaje hilo? Ndiyo maana kumwaga mawe na kifusi hakutoshi. Kifusi kinaziba shimo tu. Maji yenyewe bado hayajapewa pa kupita.

Tunaambiwa njia mbadala ipo: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, hadi Iringa na Morogoro. Ipo kweli. Lakini mgonjwa aliyepewa rufaa ya Muhimbili hawezi kuzungushwa nusu ya nchi, na barafu ya samaki wa Kilwa Masoko haingoji njia ifunguliwe. Mwezi Mei ufuta nao unakaribia kwenda mnadani. Mnunuzi asiye na uhakika wa njia ya lori lake hapandishi bei, na hasara hiyo anaibeba mkulima.

Baada ya Hidaya, Serikali ilisaini mikataba ya madaraja ya kudumu katika maeneo haya. Tunaomba utueleze hadharani kila daraja limefikia wapi na litakamilika lini, na maelezo hayo yabandikwe pale pale kwenye eneo la kazi, kila apitaye ayasome. Kusini mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Miezi ya kujenga ni Juni hadi Oktoba. Mkandarasi akiipoteza hiyo, ametupotezea mwaka mzima. Oktoba isipite makalavati hayajazibuliwa.

Jambo moja zaidi, nalo halihitaji saruji. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, hali ya barabara itangazwe redioni na kwenye stendi za Lindi, Masasi na Mbagala kabla abiria hajalipa nauli. Mama mwenye mtoto mchanga asijue njia imefungwa akiwa tayari yupo kwenye foleni, usiku, mvua inanyesha.

Tunaomba majibu yako kabla ya mvua zijazo.

Mwananchi wa Nyangamara, Lindi