Dawa za Peptidi na Mifupa: Zinalinganishwa na Nini?

Mfupa wa mtu mzima haukai kama jiwe. Kila siku chembe za namna moja huula, na za namna nyingine huujenga upya. Ulaji ukiuzidi ujenzi, mfupa hudhoofika, na mzee huweza kuvunjika nyonga au pingili za uti wa mgongo kwa kujikwaa tu. Kwa wagonjwa hao zimetengenezwa dawa za peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino iliyoigwa kutoka homoni za viumbe. Dawa hizo hulinganishwa mara nyingi kana kwamba zote zilikimbia katika mbio moja, jambo ambalo si kweli.

Iliyotangulia ni kalsitonini. Homoni hiyo iligunduliwa na Harold Copp nchini Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1960, na inayotumiwa zaidi ni ya samaki salmoni. Kazi yake ni kuzizuia chembe zinazokula mfupa. Katika jaribio la miaka mitano lililochapishwa mwaka 2000, wanawake waliopuliziwa puani yuniti 200 kwa siku walipata mivunjiko mipya ya pingili pungufu kwa asilimia 33. Lakini faida hiyo haikuthibitika kwa waliopewa 100, wala kwa waliopewa 400. Tena zaidi ya nusu ya washiriki walijitoa njiani. Matokeo ya namna hiyo yastahili kutiliwa shaka. Mwaka 2012 wakaguzi wa dawa wa Umoja wa Ulaya walishauri isitumiwe tena kwa udhaifu wa mifupa, kwa sababu ya ongezeko dogo la saratani kwa walioitumia muda mrefu. Vidonge vyake vilijaribiwa pia kwa maradhi ya kulika kwa goti. Majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakufaulu.

Teriparatidi ni kitu kingine kabisa. Ni asidi amino 34 za mwanzo kati ya 84 za homoni ya parathiroidi. Homoni hiyo ikizidi damuni usiku na mchana huumaliza mfupa. Ikidungwa kidogo mara moja kwa siku huujenga. Katika jaribio la mwaka 2001, wanawake 14 katika kila 100 waliodungwa sindano isiyo na dawa walivunjika pingili, na 5 tu katika waliopata mikrogramu 20.

Kisha ikaja abaloparatidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Katika jaribio lake waliovunjika pingili walikuwa asilimia 0.6. Msomaji mwenye haraka ataiweka 0.6 kando ya 5 na kutangaza mshindi. Hapo ndipo kosa lilipo! Wanawake wa mwaka 2001 wote walikuwa wamekwisha kuvunjika pingili kabla. Hawa wa pili wengi wao hawakuwa hivyo, na hata wasiopata dawa walivunjika asilimia 4.2 tu. Katika jaribio hilohilo teriparatidi ilipata 0.8, tofauti ndogo mno kuamua lolote.

Ulinganisho wenye manufaa zaidi ni ule wa teriparatidi na vidonge vya risedronati, ambavyo si peptidi. Kwa miaka miwili, wanawake waliokwisha kuvunjika pingili walipata mivunjiko mipya asilimia 5.4 kwa sindano na 12.0 kwa vidonge. Kwa hiyo sindano ina nafasi yake kwa walio hatarini sana, si kwa kila mzee. Nayo ikikoma, mgonjwa hana budi kufuatishiwa vidonge, ama mfupa uliojengwa hupotea.

Kwa hospitali za Afrika ya Mashariki lipo swali jingine ambalo majedwali hayo hayaligusi. Teriparatidi yataka jokofu siku zote, nyuzi 2 hadi 8, na kalamu yake hutupwa baada ya siku 28. Abaloparatidi ikishaanza kutumiwa huweza kukaa nje siku 30, mradi joto lisizidi nyuzi 25. Na joto la mchana wa Dar es Salaam au Mombasa hupita hapo karibu mwaka mzima.