Manahodha wengi, seva moja

Leo niruhusuni nilalamike kidogo kuhusu faili za mipangilio ya MySQL.

Jumamosi moja stima ilipotea hapa Ngoingwa. Iliporudi, nikapigiwa simu na mwenye duka la jumla ninayemtunzia kompyuta: "Fundi, mashine za keshia zimekataa!" Foleni imefika mlangoni, na seva inajibu tu kwamba miunganisho imezidi. Nikashangaa. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimeandika max_connections 300 ndani ya /etc/my.cnf, kisha nikatumia SET GLOBAL ianze papo hapo, ili nisisimamishe mauzo. Ikafanya kazi vizuri.

Kumbe fundi aliyenitangulia aliacha kifaili ndani ya /etc/mysql/conf.d chenye max_connections 20. Kwenye Ubuntu, MySQL husoma /etc/my.cnf kwanza, halafu /etc/mysql/my.cnf, ambayo nayo huita faili za conf.d. Mpangilio ukitajwa mara mbili, wa mwisho hushinda, bila onyo lolote. Na SET GLOBAL hufutika seva ikizimika. Stima ilipoondoka, iliondoka na 300 zangu.

Ni rahisi kumlaumu yule fundi. Mimi najilaumu mwenyewe: niliamini faili niliyoiandika badala ya kuangalia zote ambazo seva inazisoma.

Maoni yangu ni kwamba kila mpangilio uwe na makao mamoja. Chagua faili moja, weka mabadiliko yako yote humo, na uandike nani alibadilisha, lini na kwa nini. Usitegemee majina ya faili kupanga foleni, maana MySQL haiahidi mfuatano wowote ndani ya folda kama conf.d. Kisha endesha my_print_defaults mysqld. Ukiona kitu mara mbili, futa kimoja. Kuanzia MySQL 8.0 ya mwaka 2018 kuna pia SET PERSIST, inayoandika kwenye mysqld-auto.cnf, faili inayosomwa mwisho kabisa. Hapo jedwali la performance_schema.variables_info litakuonyesha kila mpangilio umetoka faili gani.

La mwisho: ukishabadilisha, izime seva na kuiwasha wewe mwenyewe, usiku, duka likiwa limefungwa. Usingoje stima ikufanyie mtihani huo Jumamosi mchana mbele ya wateja.