Askari na Samaki wa Karatasi

Huenda wapo askari watakaocheka wakituona tunawaandikia habari za kukunja na kukata karatasi. Hiyo, watasema, ni kazi ya walimu wa chekechea. Sisi twaona ni kazi yao pia, hasa wale walio katika bonde la Luapula na ufuko wa Ziwa Mweru.

Nchini Zambia uvuvi hufungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaane. Ndiyo miezi ya mvua. Huko Nchelenge mvuvi aliyeanika nyavu humtazama askari kwa jicho la pembeni. Lakini watoto wao huketi mkeka mmoja. Basi msimu huo ndio wa samaki wa karatasi. Karatasi ikunjwe katikati, ikatwe umbo la nusu samaki kwenye mkunjo. Ikifunguliwa hutoka samaki kamili. Wakatwe wakubwa na wadogo, na watoto waelezwe kwa nini mdogo huachwa akue. Askari akienda mwenyewe, akaketi chini na mkasi wake nusu saa, mtoto wa mvuvi atakuwa na jambo la kusimulia nyumbani, nalo litafika mahali ambapo amri ya kukamata nyavu haifiki. Hata mtoto wa mkimbizi kutoka Kongo, aliyeletwa Mantapala akijua Kiswahili tu, hatahitaji mkalimani hapo.

Vitabu vingi vya ufundi huu vimetungwa katika nchi za theluji. Kwa nini mtoto wa Mwansabombwe akate theluji asiyoijua, na hali Jumamosi ya mwisho ya Julai humwona Mwata Kazembe akicheza Mutomboko kwa upanga na shoka? Julai akate taji: ukanda wa kuzunguka kichwa, meno juu, na gundi ya unga wa muhogo uliopikwa.

Karatasi zipo: kalenda zilizopita, mifuko ya saruji iliyokung'utwa vizuri, na gazeti hili likiisha kusomwa. Karatasi za ofisini zisiguswe, hata kama upande mmoja ni mweupe. Jalada la kesi halitoki kituoni kwa ajili ya taji. Mikasi iwe butu. Walio chini ya miaka mitatu wasipewe kabisa. Wao wachane kwa vidole.